Siku Niliyoambiwa Nioshe Vikombe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Njenga, Mama Chelsea, mwenye sebule hii, ndugu wazazi, ndugu zetu wa Uganda mliotoka mtaa wa Najma, nanyi wanafunzi wangu mnaoikodolea macho keki: hamjambo?

Mimi ni Kioko. Tangu nije huku ughaibuni, wiki nzima nimekuwa nikifunga vyuma vya ujenzi kule Al Wukair, na Ijumaa jioni nawafundisha watoto wenu Kiswahili hapa mtaani Al Mansoura. Mliponipa kazi hii, Bwana Benard aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, wewe si uliishia darasa la saba? Utamfundisha nini Shaun wangu?" Nikamjibu kwamba Shaun yuko darasa la tatu, bado ana safari kabla ya kunipita. Alicheka, na Shaun akaja.

Lakini niseme ukweli. Mwanzoni nilifundisha kama mtu anayesubiri basi. Mliniheshimu mno. Watoto walinyweshwa chai kwa vikombe vya plastiki, mimi nikaletewa kikombe cha maua chenye kisahani, nikakalishwa peke yangu karibu na mlango. Nani hapa hajui kwamba kwetu kisahani ni cha mgeni, na mgeni huangaliwa ataondoka saa ngapi?

Kisha Ijumaa moja Mama Chelsea akatoka zamu hospitalini, amechoka, akakuta sinki limejaa. "Kioko, umekaa tu hapo? Hebu osha hivyo vikombe, na usiniachie sufuria!" Nikaosha. Mgongo uliniuma, lakini nilipojipangusa mikono kwa taulo la jikoni nilijua nimefika. Kisahani sikukiona tena.

Sasa ujenzi wa Al Wukair umekwisha. Kampuni ilinipa nafasi ya kuchagua: tiketi ya kurudi Kitui, au kazi nyingine hapa hapa. Mlisikia nimechagua tiketi, na ilikuwa kweli, ndiyo maana mmekuja kuniaga. Juzi, kwa sababu ya darasa hili, nikabadili nia. Mama Chelsea aliposikia alisema, "Keki nishalipia. Utawaambia mwenyewe." Basi nawaambia: nabaki.

Aliyekuwa mgumu ni mke wangu. Aliniuliza kwa simu, "Baba Levis, hao watoto wa watu wana nini ambacho wako hawana?" Kisha akatoa sharti: wetu nao wafundishwe, saa hiyo hiyo, na mwalimu huyo huyo.

Ningekataaje? Kwa hiyo Ijumaa ijayo simu yangu itasimamishwa mezani, na mtawaona wanangu Levis na Bella wakiwa Kitui. Wanafunzi wangu, msiwacheke wakikosea, na msiwaringishie vitu vyenu. Wanakuja kumwona baba yao akifanya kazi, jambo ambalo hawajawahi kuliona.

Kwa kunivumilia hadi hapa, ndugu zangu, nawashukuru nyote.