Chama Ndugu, Ng'ambo ya Mto Rhine

Odile alikuwa akivuka kwenda Kehl, upande wa Ujerumani, kumnunulia mumewe sigara za bei nafuu, kama ifanyavyo nusu ya Strasbourg, na ndani ya tramu masikio hayana pazia. Mbele yake, bwana mmoja Mfaransa mwenye beji ya chama alimpa mama wa Kijerumani karatasi ya kampeni ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya.

"Mimi sipigi kura kwenu," mama alisema. "Ila niko kwenye chama ndugu. Wabunge wetu na wenu wanakaa benchi moja."

"Basi sisi ni wa nyumba moja, mama!"

"Nyumba moja, na hapa mmeandika Wajerumani wanawanyonya?"

Bwana akacheka kidogo. "Aa, hiyo ni ya kampeni tu. Ukiwahubiria watu Ulaya, wanasinzia."

Odile aliona kwamba kwa hilo, angalau, chama kimesema kweli.

Tramu ikapanda daraja. Mama akautazama mto. "Mwaka wa korona mpaka ulifungwa. Dada yangu alizikwa upande wenu, mimi nimesimama pale ukingoni. Nikakiuliza chama changu, nikaambiwa hilo ni la Wafaransa. Nyinyi mlisema ni la nani?"

Bwana akaishikashika beji yake. "La Wajerumani," akasema.

Tramu ikasimama Kehl. Milango ilipofunguka, kwenye nguzo ya kituo lilining'inia bango la chama cha mama: Ujerumani Kwanza. Mama akapita chini yake ameinamisha kichwa, kama mtu anayeingia mlango mfupi wa nyumba yake mwenyewe.