Tambi Zenye Kiini

Benchi la nje ya kibanda cha Soli, fundi viatu, linatazama mkahawa wa Mwitaliano ng'ambo ya barabara, ule wa viti vya plastiki na vitambaa vya drafti, ambako hata kibarua wa ujenzi huingia na buti zake na kutoka ameshiba. Wiki hii yote Cheche, mchomelea vyuma, anakaa benchi hilo kinyumenyume, uso ukutani, kahawa mkononi. Jumapili mchumba wa binti yake, ambaye ndiye mpishi wa mkahawa ule, alimwalika akale tambi za asili alizozikanda kwa mikono yake. Cheche akairudisha sahani jikoni mbele za watu, kwamba hazijaiva. Ikaletwa tena, akairudisha tena. Tangu siku hiyo binti hamsemeshi baba yake.

— Siombi radhi! — Cheche aliuambia ukuta. — Katikati ya kila tambi kuna kiini kigumu. Nimekiuma mwenyewe, jino likashtuka.

— Kijana alisemaje? — aliuliza Profesa, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye elimu yake yote ameipata kwa wateja waliofumba macho.

— Eti ndivyo zinavyoliwa. Eti lazima jino lizisikie! Mimi naishi kwa moto, Profesa. Chuma ukikitoa mapema, kiungo kinaachia. Sasa mtu anayeepua kabla ya wakati, mwanangu atamtunza kweli, au naye atamwacha njiani?

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Wenzake walilijua, wakaamua kumfariji kwa njia yao.

— Kaza uzi hapohapo, — alisema Soli, gundi mkononi. — Hao wanabana gesi. Wanapika nusu, nusu nyingine inapikwa na tumbo lako.

— Wewe unaona gesi tu, — Profesa alimkatiza. — Kile kilikuwa chakula cha askari wao wa zamani. Jeshi lililokula tambi laini lilisinzia, likavamiwa. Tangu hapo ikapigwa marufuku kuziivisha.

— Nani kakwambia? — aliuliza Soli.

— Mteja.

— Alikuwa amelala?

— Alikuwa amefumba macho. Ni tofauti.

— Haya. Mimi nimeziona kwa macho yangu zimeanikwa uani kwao, kwenye kamba, kama soksi!

— Ndiyo maana Waitaliano wanaongea kwa mikono, — Profesa akapigilia msumari. — Mdomo bado unatafuna!

Benchi lilicheka mpaka kahawa ya Cheche ikamwagikia suruali. Hakujali. Alijiona ana jeshi nyuma yake.

— Tambi ziive, au harusi hakuna! Waje hata na mwanasheria!

Pembeni alikuwepo mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akisubiri kisigino cha kiatu chake kigundishwe.

— Samahani, baba, — aliuliza. — Binti yako naye alikula?

— Si tulikuwa meza moja?

— Alizimaliza?

Cheche akairudia Jumapili ile kichwani. Sahani yake aliikumbuka vizuri, ilivyokwenda na ilivyorudi. Ya binti, iliyokuwa karibu na kiwiko chake, hakuikumbuka hata rangi. Akamtazama Soli, Soli akatazama gundi. Profesa naye hakuwa na mteja wa kumtaja.

Aibu ilimshika, na Cheche akishikwa na aibu hupandwa na hasira. Akaweka kikombe chini, akageuka. Binti alikuwa pale kwenye dirisha la mkahawa, kama kila mchana, uma mkononi, peke yake.

— Unakwenda wapi? — aliuliza Soli.

— Siombi radhi! — alinguruma, tayari yuko katikati ya barabara. — Asitokee mtu akasema nimeomba radhi!

Akaingia, akavuta kiti mbele ya binti yake, akaitazama sahani. Hakukuwa na hata tambi moja. Binti alikuwa anafuta mchuzi wa mwisho kwa kipande cha mkate, polepole, kama alivyokuwa akifanya utotoni chakula kikimpendeza.

Mpishi alichungulia kutoka jikoni, uso umejaa wasiwasi.

— Baba, leo nitaziacha motoni zaidi kidogo.

— Thubutu! — Cheche aligonga meza. — Lete hivyohivyo, na kiini chake!

Binti akaweka mkate chini.

— Utafune taratibu, baba, — alisema.