Filamu Iliyofuliwa Mbale

Mheshimiwa Diwani, Mama Meera uliyetuletea filamu za babu yako, fundi wetu Bwana Wanzala kutoka Mbale, ndugu wageni waalikwa wa Nalufenya na Mpumudde: hamjambo. Nikiongea Kiswahili hapa Jinja, wazee hutazama mlango, maana enzi zile kilikuwa lugha ya askari. Kaeni tu, sijaja kukamata mtu. Bado.

Nimeombwa kufungua chumba hiki cha filamu, kisha nimkabidhi Bwana Wanzala kopo la pili akalisafishe kama alivyosafisha la kwanza. Filamu ya kopo la kwanza mmeitazama sasa hivi, mkapiga makofi. Mimi pia nilipiga, ila polepole.

Je, mnajua zamani rangi iliingiaje kwenye filamu? Kamera ilinasa nyeusi na nyeupe tu. Wanawake waliketi na vioo vya kukuza na brashi nyembamba, wakapaka gauni moja, picha moja baada ya nyingine, mpaka macho yakauma. Wenye haraka walichovya kipande kizima kwenye rangi, kama mtu anavyotia rangi kitambaa: usiku ukawa buluu, chumba chenye taa kikawa manjano, moto ukawa mwekundu.

Mama Meera ananiambia babu yake alipoionyesha filamu hiyo mliyoitazama, ghala likianza kuungua watoto walirudi nyuma, maana ukuta mzima uligeuka mwekundu. Leo nimeona ghala likiungua kwa moto wa kijivu. Mtoto Sheryl pale mbele hakuacha hata kutafuna karanga.

Nikamuuliza fundi pale nje, "Bwana, wekundu uko wapi?"

"Mzee, ile ilikuwa kutu ya kopo. Niliiloweka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikatoka yote."

"Na buluu?"

"Ukungu huo. Ulinisumbua kidogo."

Lazima nimsifu. Mafundi wa kutoa madoa nimewaona wengi, lakini aliyezima moto uliowaka karibu miaka mia ni huyu peke yake. Ninachoshuku ni haraka yake. Gari la kurudi Mbale linanguruma nje tangu tuanze, na filamu bado ni ya Mama Meera. Nani alimpendekeza? Mheshimiwa Diwani, mbona unatazama viatu?

Ndani ya kopo la pili kuna harusi. Gauni la bibi harusi limepakwa kwa mkono, na aliyepaka aliteleza, mkono wa bibi harusi ukawa kijani. Babu alikuwa akisimamisha mashine hapo ili watu wacheke. Mama Meera anataka wajukuu wake wauone mkono ule. Huko Mbale mkono huo utaitwa ukungu.

Kwa hiyo hakuna kukabidhi. Kopo mnaloliona mezani ni la biskuti. La filamu liko chini ya kiti changu, na ninarudi kukaa juu yake mpaka mwenyewe, Mama Meera, aseme.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Bwana Wanzala, mwambie dereva azime gari.