Kobe Mwenye Njaa Amepitwa

Ndani ya treni ya Taipei, Ruo-chi alifungua kompyuta ili afute jina lake la mtandaoni, Kobe Mwenye Njaa, kwenye mashindano ya kuandika programu. Miezi tisa pointi zake zilikuwa zimeganda palepale, na hamu ilikuwa imemwisha.

Mama wa makamo aliyeketi kando yake akachungulia. "Kumbe Kobe Mwenye Njaa ndiye wewe!"

"Shangazi, unanijua?"

"Mimi muuza dawa, nimeanza haya mambo nina miaka hamsini. Nilijifunza kwa kusoma majibu yako. Juzi nimekupita."

"Hongera," Ruo-chi akasema, uso ukimwaka moto.

"Hongera ya nini? Nilitaka nikupite ukikimbia, si ukiwa umeketi unakula mkate wa mvuke!"

Ruo-chi akacheka bila kupenda. "Maswali magumu yananishinda."

"Utayawezaje, na kila siku unarudia mepesi?"

"Nani kasema narudia?"

"Majibu yako nayasoma, mwanangu."

Treni ikasimama kituo cha Hsinchu, mama akachukua mwavuli wake.

"Shangazi! Umenipita kwa pointi ngapi?"

"Nne."

"Nne tu?" Ruo-chi akasimama, kompyuta mkononi, jina lake bado hajalifuta. "Huko si kunipita, ni kunigusa bega tu!"

Mama akashuka akicheka.