Asilimia Tisini ya Wizi

Kijiwe chetu kiko nyuma ya jengo la mihadhara: benchi lililopinda mguu, birika la kahawa, na watu ambao kila mmoja ni mtaalamu wa asichokisomea. Jioni ile ajenda ilikuwa rafiki yangu, tunayemwita Kipepeo. Kesho kamati ingemfukuza chuo, kwa sababu programu ya ukaguzi imesema asilimia tisini ya mafaili ya mradi wake yanafanana na ya mwanafunzi mwingine. Na Mhadhiri, mjumbe wa kamati hiyo hiyo, alikuwa kakaa nasi, kikombe mkononi.

— Ukaguzi hauangalii uso wa mtu, alisema Mhadhiri. Kila faili lina alama yake, kama ya kidole. Ukigusa herufi moja tu, alama inageuka. Alama zikilingana, faili ni lile lile.

— Basi kaiba, akasema Kinyozi.

— Kaiba wapi! nikaruka. Hayo ni mafaili ya maktaba! Si maktaba ya vitabu, ya programu: kazi iliyokwisha kuandikwa, inatolewa bure, darasa letu zima tumeipakua na kujengea yetu. Alama zake zinajulikana. Mngeyaondoa hayo kwanza, ndipo mkague yaliyobaki!

— Dada, punguza jazba, akasema Mhadhiri. Hapa si kwenye mdahalo.

— Mimi naona ni genge, akasema Dereva. Darasa zima alama moja? Wana kiongozi hao.

— Genge gani? Kinyozi akamkata. Huo ni undugu! Wapimwe damu wazazi wao.

— Loo! Mafaili mapacha! Dereva akajipiga paja.

Mama mmoja mwenye begi la safari, aliyekuwa kaagiza kikombe na kuketi pembeni, akakohoa.

— Samahanini wanangu. Mimi ni shangazi yake huyo Kipepeo. Nimekuja kwa kikao cha kesho.

Kinyozi akasogea kumpisha. Dereva akagundua kiatu chake mwenyewe kina vumbi, akainama kukifuta.

— Hayo yanayofanana, nimesikia, ni ya watu wote. Na yale machache aliyoandika mwanangu mwenyewe, mwalimu, mmeyakuta kwa nani?

Mhadhiri akanyanyua kikombe, akanywa. Kilikuwa kitupu.

— Nijazie, akamwambia muuza kahawa.

— Imekwisha, mwalimu.

Akakiweka chini. Akafungua mkoba, akatoa ripoti ya ukaguzi, akaanza kuisoma. Nadhani kwa mara ya kwanza.