Marehemu Bi Merle Tuddenham, Mwalimu Aliyewapa Watoto Visu

Bi Merle Tuddenham alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 mjini Geeveston, Tasmania, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Bwana Athol na Bibi Thelma Oakford, wakulima wa matufaa. Alizaliwa katikati ya mavuno, jambo ambalo baba yake hakulisamehe upesi, kwa kuwa lilimnyima mchumaji hodari katika wiki mbaya kuliko zote. Marehemu alikabidhiwa kisu cha kumenyea matufaa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Anazikwa akiwa na vidole vyake vyote. Tunalitaja hilo mapema kwa faida ya baadhi ya waombolezaji.

Alisoma shule ya msingi hapo Geeveston, kisha sekondari na chuo cha ualimu Hobart, alikohitimu mwaka 1966. Kituo chake cha kwanza kilikuwa shule ya serikali huko Queenstown, ambako alitakiwa kuwafundisha watoto wadogo kukunja mikono na kunyamaza. Alisema walikuwa wakiomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Mwaka 1971 alikwenda Perugia, Italia, kusomea njia ya Montessori ya kufundisha watoto, akarudi na cheti, ulevi wa kahawa chungu, na msimamo ambao hakuna aliyeweza kumwondolea: mtoto akipewa kitu cha kweli atafanya kazi ya kweli, na aliye kazini hakatizwi.

Februari 1976 alifungua Shule ya Montessori ya Kettle Creek ndani ya ghala kuukuu la matufaa. Walikuwepo watoto wa mwaka mmoja na nusu, waliotembea kama walevi, hadi wa miaka kumi na miwili. Wadogo walimimina maji kwa jagi la glasi na kufuta waliyoyamwaga. Walikata matufaa kwa visu, wakayapitisha kwa wenzao kwenye sahani. Wakubwa walilala kifudifudi kwenye mikeka wakihesabu maelfu kwa shanga. Mtoto aliyemhitaji mwalimu hakuita. Aliweka mkono begani mwake, akangoja mpaka ageukiwe. Wageni walivua kofia wakidhani wameingia kanisani.

Mwaka 1977 fundi mashua aitwaye Lindsay Tuddenham alikuja kutengeneza mlango. Akamwona mtoto anahangaika na vifungo vya koti, akainama kumfungia.

"Umemwibia kazi yake," marehemu alimwambia. "Mrudishie."

Mzee Lindsay akavifungua vyote, akamwomba mtoto radhi, akakaa kwenye kiti kidogo kungoja. Kiti kikavunjika. Akatengeneza kingine, halafu viti vya darasa zima, halafu meza, mafagio na majembe ya kimo cha watoto, na bado akawa hajapata sababu ya kuondoka. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1978 wakajaliwa binti mmoja, Rhona. Keki ya arusi ilikatwa na mtoto wa miaka mitatu, na vipande vilikuwa vya ukubwa aliotaka yeye. Mzee Lindsay alitangulia mwaka 2014.

Sasa tunafika kwa kamati.

Mwaka 2019 kamati mpya ya shule, chini ya Bwana Craig Pybus, ambaye tunamshukuru kwa kufika na amekaa safu ya pili, iligundua kwamba glasi huvunjika. Ikaleta plastiki. Iligundua pia kwamba visu hukata, ikaanza kununua matufaa yaliyokatwa kiwandani na kufungwa kwenye mifuko, katika bonde hili ambalo ukiegemea ua unaangukiwa na tufaa. Ikabandika ukutani nyota za pongezi, ili mtoto aliyefuta meza asije akadhani aliifuta kwa sababu ilikuwa chafu. Jina la Montessori likabaki langoni kwa herufi kubwa zaidi, kama jina la mtakatifu juu ya baa.

Kikaoni Bwana Pybus alimwambia kwa upole wa mtu ambaye kura amekwisha zipata, "Bi Merle, kikombe cha plastiki kikianguka hakuna kinachoharibika."

"Ndiyo ubaya wake, baba," alijibu. "Kikianguka hakimwambii mtoto kitu."

Walimstaafisha Desemba 2022, wakampa kombe la heshima. Lilikuwa la plastiki. Alilitumia kuzuia mlango wa banda la kuku. Februari iliyofuata alifungua darasa katika karakana ya marehemu mumewe, na wazazi waliochoka na nyota wakamletea watoto wao. Alizitoa kabatini glasi zake za zamani, akatia visu makali.

Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu mwaka 2021. Daktari wa Hobart alimwagiza apunguze kazi, naye akajibu kwamba yeye hukaa tu, wanaofanya kazi ni watoto. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, alikuwa kwenye kiti chake cha chini akiwatazama. Winnie Direen, mwenye umri wa miaka minne, alimletea kipande cha tufaa alilolikata mwenyewe, akaweka mkono begani mwake, akangoja. Mwenzake akaja akaweka mkono begani mwa Winnie. Akaja wa tatu. Jo, mama yake Winnie, aliyekuwa akikausha glasi, aliuona mstari ule akasogea.

"Usimkatize, mama," Winnie alinong'ona. "Bado anafikiri."

Marehemu alikuwa amekwisha fariki. Daktari amesema moyo ulisimama ghafla, na hakuna kelele ambayo ingemrudisha. Hata hivyo Bwana Pybus anazunguka mjini akieleza kwamba watoto hawa wamefundishwa kupanga foleni mbele ya maiti, na watu wazima wenye akili zao wamemsimamisha Winnie dukani kumuuliza kwa nini hakupiga kelele. Tangu siku hiyo mtoto alikataa kushika kisu, glasi, hata kijiko. Familia inasema mbele ya jeneza hili: Winnie hakukosea. Mwalimu ameondoka na mkono wa mwanafunzi begani. Ni nani katika kamati atakayeondoka hivyo?

Juzi kamati ilipiga simu kushauri watoto wasije makaburini, wabaki shuleni warushe maputo. Tumeshukuru, na watoto wapo. Majembe madogo yaliyo kando ya kaburi ni ya Mzee Lindsay. Ni ya chuma, na yana makali. Winnie amekwisha chagua lake. Watoto ndio watakaofukia, kwa mwendo wao, hata baridi ikizidi. Watu wazima wasimame nyuma, mikono mfukoni. Ukimwona mtoto anahangaika na bonge la udongo, usimsaidie. Bwana Pybus, ukiwa na la kusema, weka mkono begani mwa aliye mbele yako, ungoje.

Marehemu ameacha binti yake Rhona, dada yake Bi Elva, wajukuu Tess na Angus, kuku wenye mlango ulioshikiliwa kwa heshima, na kizazi kizima cha watu wa bonde hili wanaofuta walichokimwaga bila kuambiwa.

Apumzike kwa amani, na mtu asimkatize.