Masaa Manane Kitandani

Kwenye basi, mama mshonaji aliyeketi mbele yangu alikunja cheti cha kliniki. "Kolesteroli imepanda tena," akamwambia mzee wa pembeni yake, mwokaji mikate mstaafu. "Na nyama siionji!"

"Usingizi je? Nao unachangia, naambiwa."

"Nimemwambia daktari nalala masaa manane."

"Kweli?"

"Nalala chali, nahesabu mabati. Miaka thelathini nilimpiga marehemu mume wangu kiwiko aache kukoroma. Sasa nausubiri mkoromo ndipo nisinzie."

"Rudi ukamwambie daktari ukweli, mama."

"Ataniandikia nini, mzee wangu? Mkoromo, kutwa mara tatu?"

Mzee alifungua kinywa ajibu, usingizi ukamchukua kikiwa wazi. Waokaji huamka alfajiri maisha yao yote, na mchana husinzia popote. Akaanza kukoroma kama cherehani mbovu. Nilidhani mama atakasirika. Alimgusa kwa kiwiko, taratibu, kisha akaegemea dirisha, akafumba macho.

Kituo mama alichomtajia kondakta kilipita. Basi liliposimama mwisho wa njia, kondakta akaja, akanyoosha mkono amwamshe.

"Lala ubavu, baba watoto," mama akanong'ona, macho kayafumba.

Kondakta akashusha mkono.